Tochi ya mfukoni: mwanga wa baridi au wa kati?

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, na kuomba tochi ndogo, muuzaji atakuuliza habari ya betri: unataka ya kuchaji au ya kununua? Rangi ya mwanga haiulizwi. Tochi inawashwa, duara jeupe linatokea ukutani, mnapatana bei, basi. Lakini anayeagiza mtandaoni hukutana na jambo jingine. Tochi ni ileile, mwili na swichi vilevile, ila chini yake kuna orodha: 6500K, 5000K, 4500K, 4000K. Hapo wengi hukwama, kisha huchagua ile yenye lumeni nyingi, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Kwa maoni yangu lumeni zitazamwe mwisho. Cha kuanza nacho ni kitu unachokimulika, na kiko mbali kiasi gani.

Namba hizo ni za kelvini. Mshumaa uko karibu 1900K, balbu ya zamani ya waya kama 2700K, jua la mchana kama 5500K, mbingu iliyotanda mawingu kama 6500K. Namba ikipanda weupe huegemea buluu, ikishuka huegemea manjano. Hapa nitaita mwanga wa baridi ule wa kuanzia 5700K hadi 6500K na kuendelea, na mwanga wa kati ule wa 4000K hadi 5000K. Baridi hiyo ni ya machoni tu, maana tochi yenye nguvu itakuchoma kiganja iwe ya rangi gani. Mwanga wa 3000K kushuka chini, ule unaofanana na taa ya sebuleni, siuzungumzii.

Tofauti inaanzia ndani ya LED, yaani taa yenyewe ya tochi. Kipande chake hutoa mwanga wa buluu, wa karibu nanomita 450, na juu yake kuna tabaka la fosfori linalogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano. Vikichanganyika, jicho linaona nyeupe. Ni hiyo LED ya buluu iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Nakamura aliifanyia kazi akiwa kampuni ya Nichia, ambayo mwaka 1996 ilianza kuuza LED nyeupe. Fosfori ikiwa kidogo, buluu nyingi hupenya na mwanga unakuwa wa baridi. Ikiongezwa, unakuwa wa kati, ila kila mwanga unaogeuzwa huacha nishati kidogo njiani ikiwa joto. Ndiyo maana rangi mbili za tochi moja hazitoi lumeni sawa.

Nitazipima kwa mambo sita: wingi wa mwanga na betri, uhalisi wa rangi, umbali, hali ya hewa, macho na wadudu, kisha upatikanaji dukani.

Wingi wa mwanga na betri

Hapa mwanga wa baridi uko mbele. LED za familia moja zikipewa umeme sawa, ya baridi kwa kawaida huizidi ya kati kwa asilimia 5 hadi 15. Ya kati ikiwa ni ile iliyotengenezwa kuonyesha rangi vizuri, pengo linaweza kufika robo. Kwa mtu anayekaa porini siku kadhaa na betri moja, robo hiyo si ya kupuuzwa: anaweza kuteremsha tochi ngazi moja chini, akaona kilekile na kulala na chaji.

Kwa wengine pengo ni dogo kuliko linavyoonekana kwenye boksi. Jicho halihesabu lumeni moja moja. Weka tochi ya lumeni 1000 na ya 900 mikononi mwa watu wawili, waache wamulike uani, na hakuna atakayejua ipi ni ipi. Halafu tochi ndogo haina mwili wa kutosha kupoza joto. Ile ngazi ya juu kabisa inayotangazwa hudumu dakika chache tu, pengine hata moja, kisha tochi hujishusha yenyewe. (Ile inayouzwa kwa bei ya sahani ya chipsi huku boksi likidai lumeni laki moja, iache kabisa. Anayedanganya lumeni atadanganya na kelvini.)

Uhalisi wa rangi

Hiki ndicho kigezo kizito, na ndicho kinachoeleweka vibaya. Kelvini hukwambia mwanga unaegemea wapi, hazikwambii vitu vitaonekana na rangi zake halisi au la. Kwa hilo kuna kipimo kiitwacho CRI, kinachoishia 100. Tochi za baridi za kawaida huwa 65 hadi 75. Za kati za kawaida huwa 70 hadi 80, na za kati zilizochaguliwa vizuri hufika 90 na zaidi. LED kama Nichia 519A na Samsung LH351D zimejijengea jina kwa sababu hiyo.

CRI nayo ina mwanya wake. Ni wastani wa rangi nane zilizopauka, na nyekundu iliyokolea haimo. Hiyo hupimwa peke yake kwa jina la R9. Kwa hiyo tochi inaweza kujisifu CRI 80 huku R9 ikiwa karibu na sifuri. Nyekundu iliyokolea ndiyo rangi ya damu, ya nyama, ya mashavu ya samaki, na imo ndani ya kila kitu cha kahawia.

Chukua fundi umeme aliyepanda darini, umeme umezimwa, tochi iko mdomoni. Nyaya za sasa hapa kwetu ni kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, kijani na manjano kwa ardhi. Nyumba za zamani zilifungwa nyekundu, nyeusi na kijani. Nyumba nyingi zilizoongezewa vyumba zina zote mbili katika boksi moja, zimejaa vumbi na buibui. Chini ya mwanga wa baridi wenye CRI ya chini, kahawia hupoteza wekundu wake na kusogelea nyeusi, yaani waya wa moto wa leo unafanana na nyutro ya jana. Fundi makini ataweka testa kwa vyovyote, lakini mwanga wa kati wenye R9 nzuri humwondolea mashaka kabla hajaifikia testa.

Fundi redio naye anasoma mistari ya rezista. Kahawia, nyeusi, nyekundu ni omu 1000. Kahawia, nyeusi, rangi ya chungwa ni omu 10,000. Mstari mmoja ukiuona vibaya umekosea mara kumi.

Nje ya ufundi mambo ni hayohayo. Kwenye soko la samaki jioni, mteja anafunua mashavu ya changu aone kama bado ni mekundu au yameanza kugeuka rangi ya tope. Mwanga wa baridi huyapausha yote, ya samaki wa leo na ya wa juzi. Mkunga anayetazama kama macho ya kichanga yana umanjano hapaswi kutegemea tochi pekee, ila akiwa na tochi pekee, mwanga usioonyesha rangi vizuri unaweza kuuficha umanjano huo. Mtu wa shambani atatenganisha jani lililoanza kukauka na lenye ugonjwa. Na njiani usiku, nyoka wa kahawia juu ya udongo wa kahawia huonekana mapema pale kahawia mbili zinapoonekana kuwa mbili.

Mwanga wa baridi nao una rangi zake. Buluu iliyokolea na nyeusi huachana vizuri zaidi chini yake. Fundi cherehani anayetafuta uzi wa sare atakubali. Karatasi nyeupe yenye maandishi meusi, namba iliyogongwa kwenye chuma, alama za barabarani zinazoakisi, vyote hutoka wazi. Tena kuna LED za 5700K zenye CRI ya 90, na kuna za 4000K zenye CRI ya 70. Usinunue 4500K ukadhani umenunua na rangi halisi ndani yake. Tafuta namba zote mbili.

Umbali

Kwenye boksi la tochi nzuri umbali huandikwa kwa kufuata kiwango cha Marekani kiitwacho FL 1. Kiwango hicho huhesabu umbali mpaka pale mwanga unapobaki luksi 0.25, kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Fikiria hilo kidogo. Chini ya mbalamwezi unaona umbo la ng'ombe, unaona anakwenda wapi, ila huwezi kusema ni mwekundu au mweusi. Kwa hiyo mwisho wa miali ya tochi, ule ubora wa rangi wa mwanga wa kati haupo tena, kwa sababu jicho lenyewe limeacha kuona rangi.

Katika giza la namna hiyo jicho hutumia seli nyingine, ambazo hupokea vizuri zaidi mwanga wa buluu na kijani. Mwanasayansi wa Kicheki, Purkinje, aliliona jambo hili karne ya 19: kunapopambazuka, maua mekundu hubaki meusi wakati majani yameshaonekana. Mwanga wa baridi una zaidi ya kile ambacho seli hizo zinakitaka, kwa hiyo mbali huko hupata nguvu ambayo lumeni haziionyeshi. Tochi nyingi za kumulika mbali huja na 6500K, na zina sababu.

Lakini usilikuze. Umbali haupungui sawasawa na mwanga. Ukitoa asilimia 10 ya nguvu ya miali, tochi iliyofika mita 200 itafika kama 190. Kinachotawala umbali ni kioo cha ndani, upana wake na ulaini wake. Tochi ya kati yenye kioo kipana itaipita ya baridi yenye kioo cha ukubwa wa kizibo.

Ukungu, mvua, vumbi na moshi

Utasikia kwamba mwanga wa manjano hupasua ukungu. Matone ya ukungu ni makubwa mno yakilinganishwa na mawimbi ya mwanga, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawa. Anayetembea Limuru au Lushoto asubuhi ya ukungu akiwa na 4500K atagonga ukuta mweupe kama mwenye 6500K. Ukuta wa mwenzake utakuwa na ubuluu unaochosha macho zaidi, hilo nakubali. Dawa ni ileile kwa wote wawili: shusha tochi kiunoni, mbali na macho, na punguza nguvu.

Moshi mwembamba na vumbi laini ni tofauti kidogo. Chembe zake ni ndogo na hutawanya buluu zaidi, kama unavyoona moshi wa kuni unavyokuwa na ubuluu. Hapo mwanga wa kati una faida kiasi. Ardhi iliyolowa nayo hunywa mwanga wowote. Kwenye matope meusi nguvu inahitajika kuliko rangi.

Macho na wadudu

Buluu ya karibu nanomita 480 ndiyo inayoushtua zaidi mwili na kuuambia kwamba kumekucha. Dakika mbili za tochi hazimnyimi mtu usingizi, ila anayeamka mara nne usiku kwa ajili ya mtoto, au anayesoma chini ya neti, atastarehe zaidi na mwanga wa kati ulioshushwa. Mwanga wa baridi katika ngazi ya chini huwa na sura ya kijivu, kama wa hospitali, ingawa wapo waliouzoea na hawaoni shida. Macho huzoea. Baada ya dakika kadhaa gizani na tochi moja, ubongo huita rangi yoyote nyeupe. Usumbufu huja tochi mbili zikiwashwa pamoja.

Wadudu hufuata zaidi buluu na miali isiyoonekana iliyo ng'ambo ya zambarau. Msimu wa kumbikumbi mwanga wa kati utavuta wachache kuliko wa baridi, si kwamba hautavuta kabisa. Mbu wanaouma wanafuata pumzi yako kuliko tochi, hivyo usiondoe neti.

Upatikanaji

Mwanga wa baridi uko kila duka, kila bei. Zile simu ndogo za tochi ambazo Wakenya waliziita mulika mwizi zilikuwa na huo, na tochi ya simu yako ya leo pengine ni jamaa yake wa karibu. Ikipotea, kesho unanunua nyingine. Mwanga wa kati ni wa kutafuta. Kwa kawaida utauagiza kutoka kwa watengenezaji wanaomwachia mnunuzi achague: Convoy S2+ inayotumia betri ya kuchaji ya aina ya 18650 huuzwa na LED za rangi nyingi tofauti, na Sofirn SP10 Pro huja na LH351D ya 5000K, CRI 90. Hii ya pili ina jambo linalonipendeza: inakubali betri ya AA, ile inayouzwa hata kioski cha kijijini.

Jambo moja la kuangalia kwa rangi zote mbili: LED mbili zenye kelvini sawa zinaweza kuwa moja na ukijani, nyingine na uwaridi. Wauzaji makini huandika namba ya Duv. Ikiwa chanya, mwanga unaelekea kijani, ikiwa hasi unaelekea waridi. Watu wengi huchukia ukijani hata wasipoweza kusema kinachowaudhi ni nini. Za bei rahisi pia huwa na kitovu cha manjano na pete ya buluu pembeni. Hiyo ni kasoro ya LED na kioo chake.

Unamfaa nani

Wa baridi unamfaa mlinzi anayemulika ukuta wa mbali na kutafuta kitu kinachosogea, mfugaji anayehesabu macho yanayong'aa zizini, mtu wa stoo anayesoma lebo, na yeyote anayeishi mahali ambapo tochi hununuliwa leo kwa sababu ya jana imepotea. Unamfaa pia anayependa tu weupe huo, na wako wengi; kwao mwanga wa kati unaonekana mchafu.

Wa kati unawafaa mafundi, manesi na wakunga, wauzaji wa nyama, samaki na matunda ya jioni, mabwana shamba, wapishi wa nje, na mama mwenye mtoto mchanga. Kwa ujumla ni wa kazi zilizo ndani ya hatua kumi. Anayepiga picha za bidhaa usiku kwa simu naye yumo: simu inaweza kurekebisha ubuluu, lakini haiwezi kurudisha nyekundu ambayo tochi haikuitoa.

Kwa hali yako

Ukiwa dukani na unaweza kuzijaribu, usimulike ukuta mweupe. Ukuta utakuonyesha tu kwamba moja ni ya buluu na nyingine ya manjano, na ya manjano itaonekana hafifu. Mulika kiganja chako, khanga ya muuzaji, nyanya, jani. Kiganja kikionekana cha mtu aliye hai, na wekundu kwenye ncha za vidole, hiyo CRI yake si mbaya hata kama boksi halisemi kitu.

Ukiagiza bila kuiona na matumizi yako ni mchanganyiko, 5000K yenye CRI 90 itakusumbua kidogo kuliko ncha zote mbili: haina ubuluu wa wazi, wala haina umanjano wa kumshtua aliyezoea tochi za kawaida. Ukijua kazi yako ni ya karibu, shuka hadi 4500K au 4000K.

Ukiwa na tochi ya baridi inayofanya kazi, na simu ya tochi mfukoni, ya pili iwe ya kati. Usinunue kitu kilekile mara mbili. Ukiwa huna hata moja na pesa ni ya leo tu, chukua ya baridi yenye mwili wa chuma, mpira wa kuzuia maji na betri inayopatikana mtaani kwako.

Kwa wanaopanda Kilimanjaro, safari ya kileleni huanza karibu na usiku wa manane na inataka saa nyingi za mwanga kwenye baridi inayodhoofisha betri. Kule njia ni changarawe, kijivu juu ya kijivu, na rangi haina kazi kubwa. Angalia kwanza tochi inadumu saa ngapi kwenye ngazi ya kati, beba betri ya akiba ndani ya koti karibu na mwili, kisha chagua rangi unayoipenda.

Na ikiwa tochi ni ya nyumba nzima, ya kutundikwa msumarini karibu na mlango, waulize watakaoitumia kabla ya kulipa. Atakayekwenda nayo chooni usiku na atakayetafuta fyuzi hawatachagua rangi moja.